Namba E haimaanishi gari jipya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu matangazo ya magari unayoyachapa, na kuhusu ubishi usiokwisha wa wenye magari, kijiweni hadi kwenye maegesho ya ofisi: gari la nani jipya kuliko la nani. Kipimo cha siku hizi ni herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye namba. Mwenye namba E anamcheka mwenye D, mwenye D anamwona mwenye C kapitwa na wakati, na tangazo linaandikwa "IST namba E, safi sana, haina shida" kana kwamba habari imekamilika. Hata haijaanza.

Namba hutolewa siku gari linaposajiliwa hapa nchini. Gari lililotoka kiwandani Japani 2004 na kushuka bandarini Dar es Salaam mwezi uliopita litapewa namba ya mwezi uliopita, na litapita barabarani likiwa na herufi mpya kuliko ya gari la 2012 lililoingia miaka kadhaa nyuma. Tanzania haizuii gari dogo kuingia kwa sababu ya umri. Inalitoza zaidi tu. Ushuru wa uchakavu kwa gari la abiria umekuwa asilimia 15 likiwa na miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi 10, na kikokotoo cha TRA, mamlaka yetu ya mapato, kinauliza mwaka wa kutengenezwa. Mwenye uwezo wa kulipa analeta la umri wowote. Ndiyo maana namba E inakaa juu ya bampa la gari lenye umri wa kupiga kura.

Jirani zetu wa Kenya wana utaratibu mwingine, na hapo ndipo Mtanzania na Mkenya wanapolinganisha magari yao na kupotezana. Kule gari lililotumika haliingii likizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza lilikotoka. Herufi za Kenya, kwa hiyo, zinabeba dokezo la kweli: siku ile namba ilipotolewa gari lilikuwa na miaka 8 au pungufu. Chukua Toyota Premio. Toleo lenye kodi ya modeli NZT240 lilikoma 2007, kwa hiyo mlango wa Kenya ulifungwa kwake 2015, vibali maalumu ukiviweka kando. Kwetu linaendelea kushuka. Namba mbili zilizotolewa wiki moja, moja Nairobi na moja Dar es Salaam, zinaweza kuwa juu ya Premio mbili zisizochangia hata giaboksi. Uganda nao wameweka mpaka wao kwa sheria ya 2018: miaka 15, na wanahesabu kuanzia kutengenezwa, si kusajiliwa.

Basi wengine husema, achana na namba, taja mwaka. Mwaka upi? Gari la Japani lina tarehe tatu: ya kutoka kiwandani, ya kusajiliwa kwanza Japani, na ya kusajiliwa hapa. Mbili za kwanza hupishana wiki chache au miezi michache, lakini zikiangukia pande mbili za Januari mwaka unabadilika. Gari lililotoka kiwandani Novemba 2005 likasajiliwa Januari 2006 litaitwa la 2005 na mmoja, la 2006 na mwingine, na wote wawili wana karatasi mkononi. Ukikuta karatasi ya mnada imeandikwa H17 au R1, hiyo ni miaka ya kifalme ya Japani. Kwa H, ambayo ni Heisei, jumlisha 1988: H17 ni 2005. Kwa R, ambayo ni Reiwa iliyoanza Mei 2019, jumlisha 2018: R1 ni 2019. Madalali wachache wanajua hesabu hii, na wanaoijua si wote wanaoisema.

Lakini hata mwaka ukiwa sahihi, hautoshi bila kujua gari ni la kizazi gani. Mwaka unakwambia gari lina umri gani. Kizazi kinakwambia ni gari gani. Toyota hutengeneza kizazi kimoja kwa miaka mitano, saba, wakati mwingine zaidi ya kumi, halafu wanabadilisha bodi, chasisi, giaboksi na mara nyingi injini, jina likibaki lile lile. Mtu anayeuliza "IST yako ya mwaka gani?" anapaswa kwanza kuuliza kodi ya modeli, "Ni NCP ngapi?"

Nianze na Toyota IST kwa kuwa ndiyo imejaa mjini. Kizazi cha kwanza kilianza 2002 na kukoma 2007. Humo mna NCP60 yenye injini 2NZ-FE ya sisi (cc) 1300, NCP61 yenye 1NZ-FE ya sisi 1500, na NCP65 ambayo ni ile ya 1500 inayovuta magurudumu manne. Kizazi cha pili kilianza 2007 kikaisha 2016: NCP110 ya 1500 na ZSP110 ya 1800 yenye injini 2ZR-FE. Hakuna kizazi cha tatu. Kwa hiyo tangazo la "IST 2018" ni la gari lisilokuwepo, na kila NCP60 unayoiona, hata kama namba yake imetoka jana, ina umri wa 2007 kurudi nyuma.

Tofauti ya vizazi hivi viwili haiko kwenye sura tu. NCP60 na NCP61 zina giaboksi otomatiki ya kawaida ya gia nne, inayotumia oili ya Toyota T-IV. NCP110, inayovuta magurudumu mawili, ina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Oili yake ni ya CVT, aina ya TC. Magari haya mawili yanaitwa IST, yanaingia gereji moja, na fundi mwenye haraka anayajaza oili kutoka dumu moja. T-IV ikiingia kwenye CVT, mkanda unaanza kuteleza kwa sababu oili ile haikutengenezwa kushika chuma kwa chuma. Dalili ya kwanza ni mtetemo gari linapoondoka kwenye taa; baadaye unasikia mvumo unaopanda na mwendo. Puli zikishakwaruzwa, unga wa chuma unakwenda kuziba vali bodi, na hapo mwenye gari anaambiwa anunue giaboksi nzima. Kinga yake ni ndogo: ukivuta kijiti cha kupimia, kimeandikwa aina ya oili juu yake. Kama giaboksi haina kijiti, soma kodi ya modeli kwanza, ndipo ufungue kopo.

Kwa injini hakuna ugomvi. 2NZ na 1NZ zinachukua lita 3.7 za oili ukibadilisha pamoja na filta, katika vizazi vyote viwili. Kopo la lita 4 halimiminwi lote, ingawa ndivyo inavyofanyika karibu kila gereji ya mtaani.

Vitz ilipitia mabadiliko hayo hayo mapema zaidi. SCP10 na NCP10 za 1999 hadi 2005 zina gia nne. KSP90 na SCP90 zilizofuata hadi 2010 ni CVT. Kisha zikaja za 130 hadi 2020, ambapo jina Vitz lilifutwa na gari likawa Yaris hata kwao Japani. Mark X, GRX120 ni ya 2004 hadi 2009 na GRX130 ni ya 2009 hadi 2019. Ukiona "Mark X 2021", uliza maswali. Premio na Allion, 240 ni 2001 hadi 2007, na 260 ni 2007 hadi 2021.

Hiyo 260 nayo ina la kuangaliwa. Imekaa sokoni miaka 14 ikiwa kizazi kimoja, ikipambwa sura 2010 na tena 2016. NZT260 ya 2008 na ya 2019 zinachangia sehemu nyingi sana chini ya gari, lakini umri wao umepishana miaka 11. Hapa kizazi peke yake kinadanganya, kama mwaka peke yake unavyodanganya kwenye IST. Hiace ya 200 imo hivyo hivyo, imeanza 2004 na imeendelea kutengenezwa miaka zaidi ya ishirini, na Land Cruiser ya 70 ilianza 1984. Mtu akikwambia "hii Hiace ni toleo jipya", amekwambia tu kwamba si ya kabla ya 2004.

Harrier ndiyo inayozua kelele nyingi zaidi, kwa sababu wengi wanaijua kwa majina ya utani. Ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 1997: SXU10 yenye injini 5S-FE, MCU10 yenye V6 ya 1MZ-FE, kisha ACU10 yenye 2AZ-FE. Ya pili, ambayo watu wa mjini waliibatiza tako la nyani, ilianza 2003, na Toyota wakaendelea kuiuza Japani hadi 2013. Anaconda, yaani ZSU60 na wenzake, ilianza mwisho wa 2013. Na ya nne ikaja 2020. Tako la nyani ya 2003 na ya 2012 zikisimama pamoja, asiyefungua boneti hatazitofautisha, na mwenye ya 2003 ataapa kwamba magari yao ni rika moja. Ukisoma kodi, tarakimu ya mwisho ikiwa 5 au 6 badala ya 0 au 1, gari linavuta kwa magurudumu manne: ACU35, MCU36, GSU35.

Sasa, je, ya mwaka wa karibuni ni bora kuliko ya zamani? Si lazima, na hapa ndipo ulinganishaji wa umri unapomtia mtu hasara. Injini 2AZ-FE zilizotengenezwa takriban kati ya 2006 na 2009 zinajulikana dunia nzima kwa kula oili. Ringi za kukwangua oili kwenye pistoni huganda kwa masizi, oili inapanda juu na kuungua, na gari halitoi moshi mwingi wa kukushtua. Unakuta tu kijiti kimekauka. Zile za kabla ya hapo zina ugonjwa mwingine: nyuzi za boliti za hedi upande wa nyuma wa bloku hulegea, kulanti inavuja, injini inachemka. Kwa hiyo ACU30, yaani tako la nyani yenye 2AZ-FE, ya 2004 na ya 2008 hazilinganishwi kwa kusema moja ina miaka minne zaidi. Kwa ya kwanza unakagua alama za kulanti iliyokauka nyuma ya injini, na kwa ya pili unapima oili, unatembea kilomita 1,000, unapima tena. Ikishuka nusu lita au zaidi, anza kupigia hesabu pistoni na ringi.

Harrier zenye V6, injini ya silinda sita, nazo zina mpaka wao. MCU10 na MCU30 zinatumia taimingi belti, ya kubadilishwa kila kilomita 100,000, na wakati huo huo badilisha pampu ya maji na tenshona, maana kazi ya kufungua ni ile ile. Ikikatika kwenye 1MZ yenye VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali, vali zinagonga pistoni. GSU30 iliyokuja 2006 na injini 2GR-FE ya sisi 3500 ina taimingi cheni, haina belti ya kubadilisha. Lakini za mwanzo zina bomba dogo la oili ya VVT-i lenye kipande cha raba katikati. Raba inazeeka kwa miaka na joto, hata kama gari lilikuwa limelala. Ikipasuka, oili yote inamwagika barabarani kwa dakika chache na injini inakufa kabla dereva hajaelewa taa nyekundu inasema nini. Toyota walitoa bomba la chuma tupu mahali pake. Mwenye GSU30 aangalie leo bomba lake ni la aina gani.

Kwa wenye Subaru niseme moja tu. Forester SH ilitoka mwisho wa 2007 hadi 2012, kizazi kimoja, sura karibu moja. Lakini mwishoni mwa 2010 zile zisizo na tabo zilibadilishiwa injini, kutoka EJ20 yenye belti hadi FB20 yenye cheni. Kodi inasema waziwazi: SH5 ni belti, SHJ ni cheni. Aliyeuziwa SH5 kwa maneno ya "hii ya cheni haina gharama" ana bomu chini ya boneti.

Haya yote utayapata wapi? Fungua boneti au mlango wa mbele, utaona kibati cha utambulisho. Kwenye gari la soko la Japani usitafute VIN, namba ya utambulisho ya kimataifa, ya tarakimu 17 na herufi ya mwaka, haimo. Utakuta neno MODEL, halafu kitu kama DBA-NCP110-AHXNK, na chini yake FRAME NO. yenye NCP110 na tarakimu saba. Namba hiyo hiyo imegongwa kwenye chuma: kwa Toyota nyingi za zamani iko kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, na kwa nyingi za karibuni iko chini ya kiti cha mbele, ukifunua zulia. Kibati kinaweza kubanduliwa. Chuma kilichogongwa kikikwaruzwa kinaonekana kwa macho na kinasikika kwa kidole.

Zile herufi za mbele kabisa, kabla ya kistari cha kwanza, watu wanaziruka wakati zina habari nyingi. Ni kodi ya Japani ya viwango vya moshi, na viwango hubadilika kwa miaka. E- peke yake ni gari la miaka ya 1990 au kabla. GF- ni la takriban 1998 hadi 2000. Herufi mbili kama GH-, TA-, LA- na UA- ni za takriban 2000 hadi 2005. CBA- na DBA- zilianza kuonekana karibu na 2005 na kuendelea zaidi ya miaka kumi. Ikianza na tarakimu, 3BA-, 5BA-, 6AA-, gari ni la 2018 au baadaye. Kwa hiyo UA-NCP60 na DBA-NCP60 ni IST za kizazi kimoja, lakini ya kwanza ni ya miaka ya mwanzo na ya pili ni ya miaka ya mwisho, na mwenye UA- hana haki ya kuitangaza kuwa ya 2007.

Kibati chenyewe hakina tarehe. Mwezi wa kutoka kiwandani unapatikana kwa kuingiza namba kamili ya chasisi kwenye katalogi ya spea ya Toyota, ambayo wauza spea makini wa Kariakoo na Gerezani wanayo kwenye simu. Wanaihitaji kwa kazi yao, kwa sababu katalogi haipangi spea kwa mwaka wa kusajiliwa. Inapanga kwa mwezi, kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani. IST ilipobadilishwa sura 2005, taa na bampa vilibadilika. Anayetaka taa ya "IST ya 2005" anaweza kurudishwa dukani mara mbili kwa kosa la miezi michache.

Kama katalogi haipo, gari lenyewe linaongea. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, chini kabisa karibu na sakafu kuna kitambaa kidogo kilichoshonewa chenye tarehe. Kagua mikanda yote, inapaswa kukaribiana. Mmoja ukiwa wa miaka miwili baadaye, gari hilo pengine liligongwa na mkanda ukabadilishwa baada ya kujifunga. Kisha geuza vipande vya plastiki: mfuniko wa eakilina, tangi la maji ya waipa, mgongo wa taa. Utaona kiduara kidogo kilichochorwa 1 hadi 12 kuzunguka, katikati tarakimu mbili za mwaka na mshale. Mshale ukielekea 9 na katikati pameandikwa 05, plastiki hiyo ilimwagwa Septemba 2005. Gari haliwezi kutangulia sehemu zake, kwa hiyo tarehe ya karibuni kuliko zote kwenye vipande ambavyo havijabadilishwa ndiyo mpaka: gari halikutengenezwa kabla ya hapo. Alama kwenye vioo vya milango ya nyuma nazo husaidia. Cha mbele usikitegemee, mawe ya barabara zetu yamekwisha kukibadilisha. Na matairi, tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, hayo yanakwambia umri wa matairi tu.

Ukaguzi huu una maana zaidi siku hizi kwa sababu ya kupandisha sura. Land Cruiser 200 ya 2008 inavalishwa bampa, shoo, boneti na taa za 2016, na kwa mbali inapita. Prado pia. Si kosa kupendezesha gari. Kosa ni kuliuza kwa mwaka wa bampa lake.

Kuna vitu vinavyozeeka kwa kalenda hata gari likiwa na kilomita 40,000, na hapa namba E ya gari la zamani inaumiza kweli, maana mnunuzi anadhani gari halijatumika. Raba za bushi, mauntingi za injini, hosi za rejeta, sili za shafti, vyote vinakauka. Kulanti: za zamani ni ile nyekundu ya kubadilishwa kila miaka miwili au mitatu, na kuanzia katikati ya miaka ya 2000 ni ile ya pinki, ambayo Toyota wanasema ibadilishwe mara ya kwanza kwa kilomita 160,000 au miaka 7, kisha kila kilomita 80,000 au miaka 4. Ukikuta maji ya kahawia kwenye gari linaloitwa jipya, hesabu rejeta.

La hatari zaidi ni eabegi za Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika 2017. Kifaa chake cha kutoa gesi kilitumia amonia naitreti, ambayo huharibika kwa muda, joto na unyevu. Siku ya ajali chuma chake hupasuka na kurusha vipande kwa dereva. Magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na wengine yaliitwa kurudi kiwandani kwa mamilioni. Muda, joto na unyevu: Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa wana vyote vitatu. Ukurasa wa Kijapani wa kila mtengenezaji unapokea namba ya chasisi na kujibu kama gari limerekebishwa. Hapo hakuna herufi ya namba ya usajili itakayokusaidia.

Haibridi, yaani za petroli na umeme, nazo ni za kalenda. Aqua, NHP10, ni kizazi kimoja cha mwisho wa 2011 hadi 2021. Betri yake ina moduli 20, yaani vifurushi vidogo vya seli, ya Prius ya pili na ya tatu ina 28, na moduli moja ikidhoofika inazivuta nyingine. Aqua ya 2012 na ya 2020 ni gari moja lenye betri za umri tofauti kabisa, na bei zake zisingepaswa kukaribiana. Tundu la hewa ya kupoza betri liko chini au pembeni ya kiti cha nyuma. Likizibwa na vumbi au mizigo, betri inazeeka kabla ya miaka yake.

Ukiniuliza nichague kwa kulinganisha, kati ya gari la mwaka wa mwisho wa kizazi kinachotoka na la mwaka wa kwanza wa kizazi kinachoingia, nachukua la mwisho wa kizazi kinachotoka. Kasoro zimeshajulikana na kurekebishwa, spea zimejaa, na mafundi wamelizoea. NCP61 ya 2006 kwa foleni za Dar es Salaam naiona salama kuliko NCP110 ya 2007, ingawa kijiweni ya pili ndiyo itakayoshinda ubishi. Kwa kilomita usijisumbue sana bila karatasi. Mita inarudishwa kirahisi kuliko kubadilisha tarehe ya mkanda. Kumbuka pia kwa nini magari mengi yanatufikia yakiwa na umri fulani: Japani ukaguzi wa lazima ni baada ya miaka mitatu, kisha kila miwili, na kodi hupanda petroli ikifika miaka 13. Mwenye gari analiuza kabla ya gharama hiyo. Kwa hiyo gari la miaka 13 lenye hali nzuri si muujiza, ni hesabu ya mwenye gari wa kule.

Ombi langu kwako, ndugu Mhariri, ni kwamba fomu ya matangazo ya magari iongezwe mistari miwili: kodi kamili ya modeli pamoja na zile herufi za mbele, na mwezi na mwaka wa kutoka kiwandani. Anayekataa kuijaza atangaze kwingine. Tangazo lingesomeka hivi, na halichukui nafasi kuliko "safi sana haina shida":

Toyota IST, DBA-NCP61. Kiwandani 11/2005, Japani 1/2006, Tanzania 2019. Otomatiki gia nne, T-IV. Sura ya 2005. Eabegi imekaguliwa kwa chasisi. Kilomita 118,000, karatasi ya mnada ipo.

Fundi na muuza spea,
Ilala, Dar es Salaam